Mshale Unaodanganya

Sisi watu wa Palma twajua habari ya kuingia bandarini usiku. Nahodha hutazama taa ya pwani. Akiikuta imezimika, hungoja nje ya mwamba mpaka alfajiri. Lakini ikiwa imewekwa mahali pasipo pake, huingia bila wasiwasi akavunja chombo. Basi mimi nasema: taa ya uwongo ni mbaya kuliko giza.

Marubani nao wana hofu hiyo hiyo. Ndege ikitua katika mawingu, rubani huongozwa na mawimbi ya redio yatokayo uwanjani. Mengine humwonyesha kama amepotea kushoto au kulia, mengine kama yuko juu mno au chini mno. Mshale ukikaa katikati, huamini kuwa yote ni sawa. Je, ukidanganya?

Tarehe 29 Julai, 2000, ndege ya Air New Zealand ilikuwa ikitua usiku katika nchi ya Samoa. Mtambo wa uwanjani ulikuwa na kasoro, na kifaa cha kuuzima unapokosea kilikuwa kimefungwa. Mshale ulikaa katikati kabisa, kumbe ndege inashuka mahali pasipo uwanja. Marubani walipoona taa za chini haziko mahali pake, na umbali haulingani na kimo, waliipandisha ndege mara moja. Ilikuwa imebakiza karibu futi 400, na uwanja ungali mbele zaidi ya maili 5. Walirudi wakatua salama.

Sisi Msumbiji tuna kilio chetu. Tarehe 19 Oktoba, 1986, ndege ya Rais Samora Machel, ikirudi Maputo kutoka Zambia, iligeuka kulia ikaanguka Mbuzini, Afrika Kusini. Tume ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani; Warusi walisema mtambo wa uwongo uliwapoteza. Ubishi huo haujaisha. Lakini kengele ya kuonya kuwa ardhi i karibu ililia nusu dakika hivi, wala ndege haikupandishwa.

Wako wasemao kuwa rubani anayeghairi kutua ni mwoga, tena anapoteza mafuta. Mimi sikubali. Mafuta yakiisha hununuliwa mengine, roho hainunuliwi. Rubani akiwa na shaka, apande kwanza, aulize baadaye. Na fundi ajuaye kuwa mtambo una kasoro, auzime na kutangaza, hata kama wakubwa wake watakasirika. Akinyamaza kwa kulinda kazi yake, yeye ndiye aliyewasha taa ya uwongo.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mnaopanda ndege kwenda Pemba na Maputo, siku ndege itakaporudi juu karibu na kutua, msinung'unike kwa kuchelewa. Mshukuruni rubani. Nasi tulio bado darasani, ambao kesho tutakuwa mafundi, tujizoeze tangu sasa kusema, "Hapa pana kosa," kabla ya mtu kuumia.