Binti Yangu Hakupata Zamu: Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Bustani ya Michezo

Bwana Msimamizi,

Nakuandikia hadharani jambo ambalo nilikwisha kukuandikia kwa faragha nisipate jibu, nalo ni kwamba siku ya Idi iliyopita, katika bustani ya umma ambayo wewe umekabidhiwa funguo zake, binti yangu alilipiwa kiingilio kama watoto wengine, akatolewa katika mstari kwa jina la hisani, na zamu yake haikufika. Jina la bustani silitaji, wala la mji wake, kwa kuwa nia yangu si kumfedhehesha mtu. Walakini wewe wajijua, na watumishi wako waliokuwapo jioni ile wanajijua.

Binti yangu alizaliwa na mgongo wazi, na tangu alipokuwa mzito wa kubebwa mgongoni, mwendo wake ni wa kitimwendo. Tunakaa Ushetu, katika vijiji vya tumbaku na pamba, na safari ya kuja kwako ni ya vumbi na basi, ambamo konda alikitoza kiti kile nauli ya mzigo. Hayo nayapita. Nalipita vilevile lango lako la chuma la kuzunguka, ambalo kitimwendo hakipenyi, na mlango wa nyuma wa magari, ambao mwenye ufunguo wake alitafutwa mpaka tukachoka kusimama juani. Yote hayo binti yangu aliyapokea kwa uso mkunjufu, kwani watoto wa hali yake hufundishwa mapema kuyaona mambo ya namna hiyo kuwa ndiyo dunia. Nisiloweza kulipita ni lile la kwenye gurudumu kubwa linalowapandisha watoto juu.

Tulisimama mwisho wa mstari, yeye na binamu zake, wala hapana aliyelalamika. Akaja mtumishi wako, kijana wa adabu, akasema kwa upole kuwa kwa amri ya ofisi mwenye ulemavu hapangi foleni hapa. Asogezwe kando, karibu na uzio, ataitwa. Tukashukuru. Binamu zake wakabaki mstarini, maadamu amri ilimhusu yeye peke yake. Mstari ukasonga; waliokuwa nyuma yetu wakapanda, wakashuka, wakanunua barafu, wakapanga tena; binamu zake nao wakapanda, wakashuka, wakaja kumsimulia jinsi mabati ya mji yang'aavyo yakitazamwa kutoka juu. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba kijana wa kunyanyua wageni hajafika. Nilipouliza tena, kwamba siku ya sikukuu mashine haiwezi kusimamishwa kwa muda mrefu kwa ajili ya mtu mmoja. Na jua lilipokuwa linazama, kwamba ilihitajika karatasi ya daktari. Kisha ikaadhiniwa Magharibi, mashine ikazimwa, na zamu yake haikufika.

Bwana Msimamizi, mstari ni insafu ambayo hata mtu dhalili huielewa. Aliye wa mwisho anajua kwamba kila anayeondoka mbele yake amemsogeza yeye mbele. Hana haja ya kumjua mkubwa yeyote, wala ya kubembeleza, wala ya kueleza maradhi yake mbele ya watu. Amtoaye mtu mstarini bila ya kumfikisha mbele amemnyang'anya ahadi hiyo, akamwachia kungoja huruma ya mtumishi, na huruma ya mtumishi siku ya Idi ina watu elfu wanaoigombea. Binti yangu hakuomba kutangulizwa. Alikuwa na nafasi, nyuma ya binamu yake na mbele ya mtoto asiyemjua, na amri ya ofisi yako ndiyo iliyomtoa humo.

Sisemi kwamba kumpa mtu nafasi ya mbele ni kosa. Katika zahanati na hospitali za nchi hii limebandikwa tangazo la kumpisha mzee apate huduma kwanza, na mzee akifika hupelekwa dirishani. Hawekwi kwenye benchi la nje mpaka vijana wote wamalizike. Hiyo ndiyo takrima, kwa kuwa ina mwisho unaoonekana. Amri yako ilikuwa na mwanzo tu.

Msaidizi wako aliniambia pia kwamba ofisi inaogopa watu wanaojifanya walemavu ili waruke foleni. Hofu hiyo siidharau, maana jambo hilo limepata kutokea mahali pakubwa kuliko kwako. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba matajiri wa New York walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu, kwa dola 130 kwa saa, ili familia zao zipitishwe mbele katika viwanja vya michezo vya Disney huko Florida. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wenye viwanja wakabadili utaratibu: mwenye ulemavu akawa anapewa saa ya kurudi, inayolingana na urefu wa foleni iliyopo wakati huo, akaenda zake kivulini, na saa ikifika akapandishwa. Hata utaratibu huo ulikuwa na ila zake, na wazazi wa watoto wenye usonji waliupeleka mahakamani, kwa hoja kwamba watoto wao hawana uwezo wa kungoja kama wengine. Lakini angalau kila aliyengoja alijua anangoja mpaka lini. Kwako utaratibu wa namna hiyo ungehitaji kipande cha karatasi, kalamu, na saa ya ukutani.

Huko huko Marekani, mjini San Antonio katika jimbo la Texas, baba mmoja aitwaye Gordon Hartman alimwona binti yake, Morgan, akitaka kucheza na watoto wenzake, nao wakamkimbia kwa kuwa hawakujua wamfanyeje. Akakusanya fedha na watu, na mwaka 2010 ikafunguliwa bustani ya Morgan's Wonderland, ambamo bembea zimeundwa kupokea kitimwendo chenyewe, na mwenye ulemavu halipi kiingilio. Sikudai mambo ya Texas. Fedha za wenzetu ni nyingi, na bembea ya namna hiyo pengine haitafika kanda hii ya Ziwa katika uhai wangu. Nakudai mambo ya Tanzania, ambayo yamekwisha kuandikwa: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, na ambao katika ibara yake ya 30 unataja kwa uwazi haki ya mtoto mwenye ulemavu kucheza sawasawa na watoto wengine, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, iliyopitishwa na Bunge letu wenyewe. Walioandika hawakuona kwamba mchezo ni jambo dogo mno kuwekwa katika mkataba wa mataifa.

Na hapa naomba nisikwambie wewe peke yako, kwa maana wewe umeirithi tabia ambayo imeenea. Halmashauri zetu zimeagizwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 katika hiyo ni ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, lakini mtu hupewa mtaji wa biashara, na soko la kufanyia biashara hiyo lina ngazi bila ya njia ya mteremko. Shule hujengwa, na choo chake kikawa na mlango wa kupita mtu mwembamba. Nchi hii ya dhahabu, kutoka Kahama mpaka Geita, ingepaswa kuwa ya kwanza kuelewa. Hapa mtu huingia duarani, shimoni mwa machimbo, asubuhi akiwa mzima, na jioni akatolewa na uti wa mgongo uliovunjika. Kule kwenye machimbo ya Nyangalata, mwaka 2015, watu walikaa chini ya kifusi kwa siku 41, na kila nyumba ya mchimbaji ilijua kuwa aliyefukiwa angeweza kuwa mtu wake. Hata hivyo twajenga kana kwamba miguu ni mali ya kudumu.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Kama gurudumu lile lingemdhuru mgongo, ilikuwa haki yenu kukataa, na neno "hapana" likisemwa dirishani kabla ya pesa kupokelewa lingemuuma kwa saa moja. Mlimwambia angoje. Alingoja kwa imani, akijinyoosha kila mtumishi alipopita, akinikataza nisiende kuuliza nisije nikawaudhi. Hivi karibuni shule yake ilipopanga safari ya kwenda kuona maonesho ya madini Geita, alimwomba mwalimu jina lake lisiandikwe, akasema hataki kuwekwa kando tena. Alikuwa mtoto wa kuomba kwenda kila mahali. Sasa haombi.

Kiingilio chetu sikitaki tena. Nataka lango lenye upana wa sentimita 90, lililo mbele, wanapoingia watu wote. Nataka mtoto mwenye kitimwendo abaki mstarini pamoja na nduguze, na pale njia inapokuwa nyembamba apewe karatasi yenye saa, na saa hiyo iheshimiwe. Nataka ubao mlangoni unaotaja kila mashine, nani hawezi kuipanda na kwa sababu gani, ili mzazi wa kutoka mbali ajue kabla ya kulipa. Nataka watumishi wawili waliofunzwa kunyanyua, ambao humuuliza mwenyewe kwanza jinsi anavyopenda kunyanyuliwa, na wawepo siku za sikukuu kuliko siku zote.

Jibu nalitaka kwa maandishi kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, nalo litaje tarehe ambayo lango hilo litafunguliwa.

Mzazi,
Ushetu, Shinyanga