Kaye ya kampuni na kaye ya kwetu

Mu vijiji na kartie nyingi karibu na migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, kuko kaye moja ile watu wanaiongea sana lakini walioisoma ni wachache. Inaitwa «cahier des charges». Ni mapatano ile sheria ya migodi ya 2018 inalazimisha kampuni kufanya na wenyeji: masomo, maji, barabara, dispensaire. Tena sheria hiyo inaomba kampuni itoe kila mwaka angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Tuhesabu kidogo. Kampuni ikiuzisha shaba na kobalti ya dola milioni 100, sehemu ya wenyeji ni dola 300.000. Hiyo si makuta ya kununua chumvi.

Lakini siku ya kikao, kampuni inaleta watu wa kuandika, sisi tunaleta watu wa kusema. Na tunajua kusema! Muzee anakumbusha mashamba ile ilichukuliwa, mama mumoja analia juu ya maji, kijana anapiga mukono ku meza. Jioni viti vinarudishwa, na kile kinabakia ni kile kalani aliandika. Machozi ya yule mama inakuwa mustari mumoja: «besoin en eau».

Njo maana leo tunataka kuongea juu ya kitu kile wengine watasema ni cha kuchezea: masomo ya kuandika hadithi, mashairi na michezo ya teatre, kwa bei kidogo, mu kartie zetu wenyewe. Tumekwisha kusikia jibu: mutu hana bukari, munamupa shairi? Neno hilo ni la kweli nusu. Shairi halijazi sufuria. Lakini mutu asiyezoea kupanga maneno yake mwenyewe ku karatasi, atapangiwa na mwingine, na yule mwingine ana bukari yake tayari.

Tena kazi hii si ya kigeni kwetu. Mwaka 1965, mu Elisabethville, ile leo ni Lubumbashi, watu waliofanya kazi ya boyi mu nyumba za wazungu walitoa maandiko yao, «Vocabulaire» ya muji. André Yav aliandika mule historia ya muji vile maboyi walivyoiona. Aliandika kwa Kiswahili ya watu, bila kungoja bwana wa chuo amusahihishe. Mutaalamu Johannes Fabian aliichapisha mu Ulaya mwaka 1990, na leo watu wenye diploma kubwa wanaitumia. Wale walioiandika walikuwa watu wa kufua na kupika.

Na wazee wetu wanakumbuka Mufwankolo. Ile kundi yake ya teatre, mu radio na televizyo, haikuanzia ku meza ya muandishi. Mwaka 1986 walichukua methali moja, ile inasema mamlaka inaliwa nzima, wakabishana juu yake: inaliwa na nani, nzima namna gani, na nani anabakia na njaa. Mabishano yenyewe ikageuka mchezo. Mwalimu akitutafuta mufano wa darasa la kuandika kwa watu wasiozoea kalamu, ni ule. Muanze na kubishana.

Tukikosa kuandika, tunapoteza nini? Tuchukue Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara, wakapigwa risasi mu Elisabethville, ku kiwanja cha mpira. Jina la Léonard Mpoyi, mumoja wa wale waliouawa, linajulikana. Lakini hesabu ya wafu watu wanabishania mpaka leo, na mengi ile tunajua kwa upande wa wafanyakazi ilitoka mu vinywa vya wazee, miaka mingi nyuma. Ao karibu zaidi: mwaka 2003, wakati watu zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka ku kazi kwa ile mupango ya «départs volontaires», na Banque mondiale ikalipa. Maripoti ya mambo hiyo iko. Lakini hakuna ripoti inaeleza namna baba alificha ile makuta ndani ya malango, ao namna mama alianza kulima pembeni ya kambi ili watoto wabakie mu masomo. Watoto wa wakati ule leo ni wakubwa. Mambo hiyo wanaisikia ku kilio tu, baba akikwisha kufa.

Mutu atauliza: kwa nini hadithi, kwa nini si malalamiko ya wazi, yenye jina na tarehe? Malalamiko yana kazi yake, na wenye kujua sheria wawasaidie watu kuyaandika. Lakini kila mutu wa karieri anajua hatari. Ukiandika jina la shefu, kesho unaitwa ku ofisi, na kesho kutwa badge haifungui mulango. Ukiandika hadithi ya bwana mumoja wa kofia nyeupe anayehesabu magunia kwa vidole sita, hakuna jina, na kartie nzima inacheka juu inamujua. Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi, alifanya vile mu kitabu chake «Tram 83» cha 2014: muji wake wa migodi hana jina la kweli, anauita tu «Ville-Pays». Kitabu kimetafsiriwa mu lugha nyingi. Hakuna mutu wa kwetu aliyekosa kutambua muji.

Sasa bei. Tuseme watu 20, mara moja kwa juma, miezi mitatu. Kila mutu kaye moja na biki mbili. Chumba kinaweza kuwa darasa la masomo ya musingi watoto wakikwisha kutoka, ao salle ya paruasi. Mwalimu wa pensheni asiyesahau watu hawezi kukosa, lakini apewe kitu, hata kidogo. Kazi ya bure inachoka haraka. Wamama wanaojua kuendesha likelemba hatuna cha kuwafundisha hapa. Wale hawajui kusoma waingie vilevile: waseme, mwenzao aandike, kisha awasomee neno kwa neno mpaka wakubali kwamba ni lao.

Na zile 0,3%? Hapa hata sisi tulibishana. Mumoja wetu alisema: makuta ni ya wenyeji, iombwe yote, mwalimu na vitabu. Wengine tunaogopa. Tumeona kampuni ikijenga kisima na kutia kibao kikubwa kuliko kisima. Kampuni ikilipa mwalimu, baada ya miezi mitatu tutakuwa na mashairi 20 ya kusifu kisima, na mupiga picha atakuja. Kwa hiyo tunasema hivi: makuta ya mapatano ijenge chumba cha kusomea, inunue meza, taa na mashine ya kopi, vitu vile havina mudomo. Mwalimu alipwe na wanafunzi wenyewe, hata franka kidogo, ili asiwe mutu wa mutu.

Juu ya lugha tutasema kidogo tu. Atelier za mujini mara nyingi ni za Kifaransa, na Kiswahili cha masomo ni cha kitabu. Mama anayesema «njo vile» nyumbani akiona kalamu anageuka mugeni. Aandike kwanza vile anasema. Kifaransa kitakuja siku ya kikao, na hapo atakuwa na kitu cha kutafsiri.

Ugumu ule haujaisha ni saa. Mwenye kazi ya butu analala muchana, mwenye karieri hana saa, na mama anayeuzisha mikate anamaliza giza likiingia. Darasa la Siku ya Mungu alasiri labda, kisha ibada, lakini kuna makanisa ibada haiishi. Na nani atachunga zile kaye zikijaa? Université de Lubumbashi imekusanya kumbukumbu za watu wa muji tangu mwaka 2000 mu mupango «Mémoires de Lubumbashi». Kopi moja ingeweza kuombewa nafasi kule. Kaye yenyewe ibakie na mwenyewe, mu sanduku ile anachunga ma-acte ya kuzaliwa ya watoto.