Kabla ya kumwambia afunge kula, aulizwe jana alikula nini

Ushauri wenyewe ni mfupi, na huenea kwa simu popote mtandao unapofika. Mtu ale ndani ya saa 8 tu, tuseme kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Saa 16 zinazobaki ni za maji, au chai isiyo na sukari. Akifuata ratiba hiyo, anaambiwa, mwili utapungua wenyewe bila kuhesabu chochote.

Mfanyabiashara wa Goma mwenye shinikizo la damu anaweza kuujaribu bila hasara. Chakula kipo jikoni, na saa sita ikifika atakipakua. Lakini ushauri huohuo ukifika wilayani Walikale, unamkuta mtu wa aina nyingine kabisa.

Wengi huko wanaifuata ratiba hiyo tayari, ila hawakuichagua. Mama anakwenda shambani alfajiri bila kutia kitu mdomoni, anarudi jioni, anatwanga sombe na kusonga fufu, na familia inakula mara moja kwa siku. Mchimbaji wa madini anaingia shimoni na chai ya asubuhi, kisha anangoja hadi apate cha kuuza. Familia iliyokimbia vita kutoka Masisi inakula pale mwenyeji anapopata cha kugawa. Hao wote wanakula ndani ya saa chache, na hakuna anayewaita watu wanaotunza afya.

Tofauti haiko kwenye saa. Iko kwenye sahani, na kwa anayeamua sahani ijae kiasi gani.

Utafiti unaonyesha jambo hilohilo. Mwaka 2020, watafiti wa California walichapisha matokeo ya watu 116 waliofuatiliwa kwa wiki 12. Nusu yao waliambiwa wale kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, na wengine wale milo mitatu kama kawaida. Waliofunga walipungua chini ya kilo moja, na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya maana. Kibaya zaidi, kwa waliopimwa kwa undani, sehemu kubwa ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Ilikuwa nyama ya mwili, ikiwemo misuli.

Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine kutoka Guangzhou, China. Watu 139 wenye unene mkubwa walipunguziwa kiasi cha chakula kwa mwaka mzima. Kundi moja lilikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, na jingine halikubanwa na saa. La kwanza lilipungua kilo 8 kwa wastani, la pili kilo 6.3, na watafiti wakasema tofauti hiyo si kubwa ya kutosha kusifia saa. Kilichowapunguza wote ni chakula kidogo.

Kwa hiyo saa ni njia tu ya kumsaidia mtu anayekula kupita kiasi ale pungufu. Anayekula pungufu tayari haina la kumsaidia. Inaweza kumdhuru.

Mbebaji wa mizigo ni mfano wa karibu. Enzi za uchimbaji wa mikono kule Bisie, wanaume walibeba magunia ya kilo 50 ya madini ya bati mgongoni na kukatiza nayo msituni. Kazi ya namna hiyo bado ipo katika machimbo mengi ya wilaya. Mtu huyo akipoteza misuli, amepoteza chombo chake cha kazi. Mama anayenyonyesha naye anahitaji kama kalori 500 za ziada kila siku. Na mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini akishinda njaa bila daktari kujua, sukari inaweza kushuka ghafla na kumwangusha. Mahali ambapo hospitali iko mbali na barabara imefungwa, mtu wa namna hiyo anaweza asiamke tena.

Watakuwepo wa kusema kwamba kufunga ni jambo la kale, na kwamba wazee walifunga bila kuumia. Ni kweli. Makanisa ya Kivu yana siku za kufunga na kuomba, na Waislamu wana Ramadhani. Lakini mifungo hiyo ina mipaka. Mgonjwa, msafiri, mja mzito na mtoto wana ruhusa yao katika Ramadhani, na kila jioni kuna futari inayongojwa. Dini ilifikiria nani asifunge kabla ya kuwaambia wengine wafunge. Ujumbe wa simu haukufikiria hilo.

Tena iko heshima ya mwili. Katika sehemu nyingi za Kongo, mtu aliyenenepa huonekana ametulia na anakula vizuri. Aliyekonda anaulizwa kama ana kifua kikuu au virusi. Pengine mtazamo huo unawachelewesha wenye unene wa hatari kutafuta msaada, na wahudumu wa afya wana haki ya kuupinga. Lakini nyuma yake kuna kumbukumbu. Kivu ndiko bwaki, yaani kwashakoo, ilikojulikana kwa jina lake mwenyewe, mtoto akivimba miguu na nywele zikibadilika rangi. Watu waliowahi kuuona ugonjwa huo nyumbani hawawezi kulaumiwa wakiogopa kukonda.

Kumbukumbu hiyo si ya zamani sana. Machi 2025, wapiganaji wa M23 waliingia mji wa Walikale, na watu wengi wakakimbilia msituni. Kampuni ya Alphamin, ambayo mgodi wake wa Bisie hutoa takriban asilimia 6 ya bati yote duniani, ilisimamisha kazi, kisha ikaanza tena mwezi uliofuata baada ya wapiganaji kuondoka mjini. Soko la dunia likahesabu bati iliyokosekana. Vyungu ambavyo havikuinjikwa siku hizo havikuwa na wa kuvihesabu. Mwaka huohuo, tathmini ya kimataifa ya njaa iliwaweka Wakongomani wapatao milioni 28 katika uhaba mkali wa chakula.

Masisi, jirani wa Walikale, ni nchi ya maziwa, jibini na maharagi. Walikale yenyewe ina mihogo, ndizi na mafuta ya mawese. Ardhi haijawanyima watu. Kinachowanyima ni mkulima kufukuzwa kabla ya mavuno, na barabara ya Goma kufungwa huku bei ya chumvi na sukari ikipanda. Huko saa ya kula haipangwi na mlaji. Inapangwa na bunduki na barabara.

Hii haimaanishi kwamba mwenye uzito wa hatari akae kimya. Kisukari na shinikizo la damu vipo, na mtu anayekula nyama na bia hadi usiku wa manane atafaidika akifunga jiko mapema. Aanze kwa kupimwa, apunguze sukari na mafuta, atembee. Akiona kufunga kunamsaidia kujizuia, afunge. Yeye anayo nafasi ya kuchagua.

Lakini anayetoa ushauri, awe muuguzi wa kituo cha afya, mtangazaji wa redio au mchungaji, ana wajibu mmoja usiogharimu franka hata moja. Kabla ya kutaja saa 16, amuulize aliye mbele yake: jana ulikula nini, na mara ngapi? Jibu likiwa ni fufu na majani jioni, basi huyo amekwisha kufunga muda mrefu. Anachohitaji kuambiwa ni wapi atapata mlo wa pili.