Mlimbwende Kutibiwa Supamaketi, Cha Kucheka Kiko Wapi?

Mlimbwende mmoja wa zamani, ambaye siku hizi yuko zake Marekani analea, aliweka video akiwa na mwanaye kwenye zahanati iliyo ndani ya supamaketi. Toroli lina maziwa na mkate, pembeni dogo analia koo linamuuma. Basi Wabongo wakamvaa: kafulia, bima hana, mpaka anatibiwa duka la nyanya!

Waliocheka hawajui wanachokicheka. Zahanati hizo zilianza mwaka 2000 kule Minnesota, baada ya baba mmoja kusota kama saa mbili hospitali, wikiendi, akisubiri mwanaye apimwe koo tu. Akaungana na wenzake wakafungua vyumba ndani ya supamaketi: magonjwa machache ya kawaida, dakika kama 15, bei imebandikwa wazi. Anayehudumia ni muuguzi aliyesomea zaidi, mwenye ruhusa ya kuandika dawa. Mwaka 2006 CVS, kampuni kubwa ya maduka ya dawa, ikainunua biashara nzima.

Hiyo bei ya ukutani ndiyo mpango mzima. Marekani mtu anaweza kuingia hospitali na kifua, akatoka mzima, halafu wiki kadhaa baadaye bili ikamfuata nyumbani ikamrudisha kitandani. Dukani anajua gharama kabla hajakaa kwenye kiti.

Sasa tazama hao wanaocheka, wakiwemo mastaa wenye magari ya maana. Wengi wao wanatibiwa dukani miaka yote! Homa ikipanda anatumwa mdogo mtu: "Nenda kwa dokta kaniletee dawa." Dokta mwenyewe ni muuzaji wa dawa baridi pale kona. Hakuna kipimo wala cheti. Antibiotiki zinanunuliwa vidonge vinne kwa kuwa hela ndiyo hiyo, kesho yake akijisikia nafuu vilivyobaki vinawekwa kwenye pochi, eti akiba. Mara ngapi wadau wamechangishwa kwa ajili ya msanii ambaye presha au figo vilikuwa vinamla taratibu, yeye anameza dawa za maumivu za dukani na kupanda jukwaani? Yule mtoto wa Marekani angalau kaangaliwa koo na mtu aliyesomea.

Si kwamba kule dukani ni peponi. Mwaka 2024 Walmart ilitangaza kufunga vituo vyake vyote 51 vya afya, ikasema gharama zimepanda na malipo hayatoshi. Aliyezoea kupimwa sukari pale ikabidi atafute pengine. Koo la mtoto, sawa, dukani linamalizika. Presha na sukari vinataka daktari mwenye faili lako, anayejua mwaka jana ulikuwa unasoma ngapi.

Lakini zahanati na hospitali binafsi za mjini zinashindwa nini kubandika bei mlangoni? Kumwona daktari kiasi gani, kipimo cha malaria kiasi gani, mkojo kiasi gani. Wengi wanakimbilia kwa dokta wa kona kwa sababu wanaogopa watakachoambiwa dirishani, na hela ya nauli ya kurudi ndiyo hiyo hiyo mfukoni.

Wadau mnasemaje: wa kuchekwa ni mlimbwende, au anayemeza vidonge vinne akalala?