Kiswahili Hakikomei Ufuoni

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya humu nchini vina ada moja isiyovunjwa: likizo ikikaribia, basi hukodiwa na ziara ya kitaaluma huelekezwa Mombasa, Malindi au Lamu. Ada hiyo si mbaya. Asomaye tenzi bila kuwahi kuiona miji zilikotungwa ana upungufu wake. Ila ada hiyo imelea dhana ambayo haijatetewa kwa hoja hata siku moja, nayo ni kwamba Kiswahili ni lugha ya bahari, na kwamba mlima hauna maneno ndani yake isipokuwa ya kuazima. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hujua omo na tezi, joshi na demani, hali hajawahi kukanyaga jahazi. Mwanafunzi huyo huyo akipanda Longonot Jumamosi pamoja na marafiki zake, husema alikwenda "haiki", na safari nzima huisimulia kwa Kiingereza kilichotiwa chumvi ya Sheng. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo.

Makala haya yanashikilia kwamba maneno yapo, na kwamba kutoyatumia kuna hasara iliyo kubwa kuliko aibu ya kitaaluma.

Historia yenyewe inalipinga dai la mwanafunzi huyo. Tarehe 11 Mei 1848, mmishenari Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka pwani kuelekea bara, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kwa mujibu wa shajara yake, kiongozi wa msafara aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akahitimisha kuwa ni theluji, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akakataa katakata kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kisa hiki husimuliwa aghalabu kama kichekesho cha kiongozi asiyejua jina la kitu alichokiona. Tafsiri hiyo ni finyu. Kiongozi yule alitaja kile ambacho mlima humtendea mtu. Msafiri anayejiandaa kwenda huko anahitaji kujua baridi kabla ya kujua rangi, na kwa maana hiyo jibu lile la neno moja lilikuwa na faida kuliko mabishano yote yaliyofuata London.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka upande wa Kitui. Huyu ndiye Krapf aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Ajabu ni kwamba katika madarasa ya historia ya lugha Krapf wa kamusi hufundishwa, naye Krapf wa mlima huachiwa watu wa jiografia.

Kisha kuna msafara wa Halford Mackinder wa mwaka 1899. Vitabu huwataja watatu waliofika Batian, kilele cha juu kabisa chenye mita 5,199: Mackinder mwenyewe, César Ollier na Joseph Brocherel. Msafara huo ulikuwa na Waswahili 66, mbali na Wakikuyu 96 na viongozi wawili wa Kimaasai. Haielekei kwamba watu wote hao walipanda nyanda zile za baridi bila kuzungumza. Waliamrishana, walilalamika, walionyana mahali penye utelezi, na bila shaka walitania. Lahaja ya mlimani, kama mtu ataridhia kuiita hivyo, ina zaidi ya karne moja. Wapagazi ndio walioilea, na mpaka leo wao na viongozi wa wapanda mlima ndio wanaoitumia kila siku, iwe Chogoria, Sirimon, Naro Moru au ng'ambo ya mpaka huko Marangu.

Hebu na tutazame vitenzi, maana hapo ndipo utajiri unapodhihirika. Kiingereza cha wanafunzi kina neno moja kwa kila mtu aendaye mlimani. Kiswahili kinatofautisha. Anayefuata njia kwa miguu hadi Lenana, kwenye mita 4,985, anapanda. Hahitaji kamba, anahitaji mapafu na subira. Anayekwenda Batian hana budi kutumia mikono, kamba na vyuma, na huyo anakwea, kama mkwezi anavyoukwea mnazi. Kisha yuko yule aendaye kwa pupa, asiyejua njia wala hali ya hewa, aliyevaa viatu vya mjini, huyo anaparamia. Msomi wa istilahi anaweza kuongeza kusombera, yaani kupanda kwa kukumbatia kwa mikono na miguu, na akauliza kama hakufai pale mkwezi anapojipenyeza kati ya kuta mbili za jabali. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba baadhi ya maneno haya yalikomazwa kwenye minazi ya pwani. Pwani na mlima havigombani, kwa kuwa lugha iliyojua kumtofautisha mkwezi na mparamiaji mnazini haishindwi kuwatofautisha kwenye jabali.

Hali ni hiyo hiyo katika kurudi. Mtu hushuka, akienda kwa mwendo wa kasi akiwa bado amejimudu, anateremka, miguu ikimtoka, anateleza, vumbi na kokoto vikiondoka pamoja naye, anaporomoka. Kila aliyewahi kutoka ukingoni mwa kreta ya Longonot, kwenye lile vumbi la volkano lenye utelezi wa unga, anajua kwamba vitenzi hivi vinne ni hali nne mbalimbali, na kwamba kati ya cha pili na cha nne pana hatua chache mno. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wengi huiandika methali hii katika insha bila kuwahi kuisikia magotini.

Mbio za milimani nazo zinastahili kutajwa. Lucy Wambui Murigi alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo mwaka 2017 huko Premana, Italia, akautwaa tena mwaka 2018 huko Canillo, Andorra. Mafanikio kama hayo katika mbio za uwanjani yangalijaza kurasa za magazeti. Huenda sababu moja ya ukimya ni kwamba Wakenya hawajazoea kuusimulia mchezo huu kwa lugha yao. Mtangazaji anayezijua mita elfu tano kwa moyo hana mazoea ya kueleza jinsi mtu anavyopunguza hatua kwenye mwinuko na kuilegeza miguu kwenye mteremko. Lakini hilo ni la wanahabari.

Hasara iliyo kubwa zaidi iko kwingine. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, na kwenye kilele cha Lenana imeshuka hadi kukaribia nusu ya ile ya ufuoni. Ndiyo maana kiongozi husema polepole. Neno hilo limechapishwa kwenye fulana na kuuziwa watalii hadi likaonekana pambo, na vijana wa vyuo hulicheka. Waama, ni agizo la kitabibu. Ushauri unaokubalika ni kwamba aliyepita mita 3,000 asiongeze zaidi ya takriban mita 500 kati ya mahali alipolala jana na atakapolala leo. Kundi la marafiki wanaotaka kufika kileleni na kurudi kabla ya mhadhara wa Jumatatu halina nafasi ya kulitii agizo hilo, na hapo ndipo mwenzao mmoja huanza kusalia nyuma.

Mwenzao huyo huulizwa hali, naye hujibu, "Niko poa." Jibu hilo halimsaidii kiongozi hata chembe. Kiswahili kingempa maneno ya kumwokoa. Kichwa kinamuuma tu, au kinamwanga? Ana kichefuchefu, au ametapika? Ana kizunguzungu akisimama, au anayumba atembeapo kama mlevi? Amechoka, au amepumbaa hata hajui alipoweka glavu zake? Maumivu ya kichwa na kichefuchefu humtaka mtu apumzike na asiendelee kupanda mpaka hali itengemae. Kuyumba na kuchanganyikiwa humtaka ashushwe papo hapo, hata iwe usiku wa manane. Tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya maamuzi. Kiongozi aliyezaliwa Chogoria na mwanafunzi aliyezaliwa Kakamega hukutana katika Kiswahili. Wasipokutana hapo hubaki kutazamana.

Yamkini kuna atakayepinga kwa kusema kwamba milima hii ina wenyewe na lugha zao. Pingamizi hilo lina uzito. Mlima Kenya uliitwa Kirinyaga na Kiinyaa kabla ya msafara wowote, na Batian, Nelion na Lenana ni majina ya viongozi wa kidini wa Wamaasai ambayo Mackinder aliyabandika vileleni. Kiswahili hakina haja ya kuyafuta majina hayo wala kudai kilitangulia. Kazi yake ni nyingine, nayo ni kuwaunganisha watu wa kambi moja. Pia kitafaidika kwa kuazima kutoka kwa majirani maneno ya ukungu, ya mianzi, ya mimea ile mirefu ya nyanda za juu, kama kilivyoazima mengine kutoka kwa wafanyabiashara wa ng'ambo.

Pendekezo, basi, ni kwamba mwaka mmoja kati ya miwili basi la chama ligeuzwe lielekee bara. Si lazima kuanza na makubwa. Ngong na Longonot ni safari za siku moja. Watakaopenda Lenana watenge siku nne au tano, wachague Januari, Februari, Agosti au Septemba, wakati mvua ni haba, na wawalipe wapagazi malipo ya haki kabla ya kuwaomba maneno. Jioni, chai ikichemka kambini, waulize: njia yenye kokoto zinazoteleza huitwaje? Mvua iliyochanganyika na barafu je? Mpagazi anayebeba mzigo kichwani na yule wa mgongoni hutaniana vipi? Majibu yaandikwe pamoja na jina la msemaji, akiridhia, na mahali alipotoka, kisha yapelekwe kwa wahariri wa kamusi. Wachukue penseli za kutosha, kwa kuwa kalamu za wino hugoma kuandika kwenye baridi ya kule juu.