Mazungumzo ya Nyumbani: Kikapu cha Handa

Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi habari ya kitabu kidogo cha picha, cha watoto ambao hawajaanza shule. Maana kimenifundisha mimi kwanza kabla ya kuwafundisha wao.

Sina budi kuungama kosa langu. Siku moja jirani alikuja kutuamkia pamoja na mtoto wake. Binti yangu, mwenye miaka minne, alikuwa na embe mkononi. Nikamwambia, "Mpe mwenzio." Akakataa. Basi nikamnyang'anya, nikampa mgeni, nikajiona baba mwema afundishaye ukarimu. Walakini tangu siku ile binti yangu kila apatapo tunda hujificha nyuma ya ghala alile peke yake. Kumbe sikumfundisha kutoa, nilimfundisha kunyang'anywa.

Baadaye nilipata kitabu kiitwacho Handa's Surprise, yaani Mshangao wa Handa. Mtungaji wake ni Eileen Browne wa Uingereza, na picha pia ni kazi ya mkono wake. Kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1994. Watoto wanaosimuliwa humo ni wa Kiluo, wa kusini-magharibi ya Kenya. Handa atia matunda saba kikapuni, ajitwika, ashika njia kwenda kijiji cha rafiki yake Akeyo. Njia nzima awaza: Je, Akeyo atapenda lipi? Huku nyuma tumbili achukua ndizi, mbuni pera, punda milia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku pasheni. Kikapu kimekuwa kitupu, wala Handa hana habari. Ndipo mbuzi aliyekata kamba augonga mchenza, na machenza yaanguka tele kikapuni. Akeyo afurahi mno, kwa kuwa chenza ndilo tunda alipendalo kuliko yote. Na Handa ndiye ashangaaye.

Angalieni ufundi wa kitabu hiki. Maneno yaeleza mawazo ya Handa, lakini wizi waonekana katika picha. Kwa hiyo mtoto asiyejua kusoma ajua jambo ambalo Handa mwenyewe halijui, naye hucheka na kuonyesha kwa kidole. Basi msomapo, msiharakishe kufunua ukurasa, wala msimtangulie mtoto kusema. Mwulizeni tu, "Yamebaki mangapi?" Hivyo atajifunza kuhesabu pasipo kuhisi kwamba afundishwa.

Nilipomaliza kukisoma, binti yangu aliuliza, "Baba, yale saba yameliwa, na machenza yameangushwa na mbuzi. Handa ametoa nini?" Nikanyamaza kidogo, maana swali lilikuwa kubwa kuliko mwenye kuliuliza. Kisha nikamjibu, "Handa alimwaza rafiki yake njia nzima. Hicho hakuna mnyama aliyeweza kukichukua."

Wazee wetu walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Sisi wazazi twalitaja neno hili, kisha twaushika mkono wa mtoto na kuuacha moyo wake. Mkono waweza kufumbuliwa kwa nguvu. Moyo haufumbuliwi hivyo. Mtoto afunzwe kwanza kumfikiri mwenzake: apenda nini, atafurahi kwa nini. Akisha kumfikiri, mkono utafuata wenyewe, labda leo, labda mwezi ujao. Tusimharakishe.

Juma lililopita nilimkuta binti yangu chini ya mpera, ana mapera mawili mkononi. Hakujificha. Aliniuliza, "Baba, mtoto wa jirani apenda lililoiva au lile gumu?" Nikamwambia sijui, aende akamwulize mwenyewe. Akaenda mbio.