Mzigo Hupimwa Nyumbani

MAZUNGUMZO YA JAMAA



Shule zikifungwa, vijana wa parokia nyingi huomba ruhusa ya kwenda kupanda mlima. Huenda mtoto wako naye amekwisha kusema, "Baba, tunakwenda Mlima Kenya. Kila mtu atabeba mzigo wake mgongoni, na tutalala porini siku kadhaa." Babu akisikia atacheka na kuuliza, "Huko juu kuna shamba la nani?" Mama hatasema neno, lakini usiku usingizi utamwishia mapema.

Kupanda mlima si dhambi wala si upuzi. Papa Pio XI, kabla hajawa Papa, alikuwa padre mwenye kupenda sana milima, na mwaka 1889 alipanda Monte Rosa katika milima ya Alpi. Mwaka 1923, akiwa Papa, alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Basi, kijana akitaka kuona kazi ya Mungu huko juu, tusimkemee. Ila tumwulize: Je, umejitayarisha?

Juu ya matayarisho, nitawapa habari ya wafungwa watatu Waitalia. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza waliwafunga katika kambi ya Nanyuki, na kila asubuhi mawingu yakifunguka waliuona mlima mbele yao. Felice Benuzzi alikata shauri kuupanda. Akampata daktari Giovanni Balletto, aliyejua milima kama yeye, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda mlima kabisa. Hawakuwa na duka wala fedha. Kamba walizifanya kwa katani ya vitanda vyao. Mashoka ya barafu waliyafanya kwa nyundo, na meno ya kufunga chini ya viatu kwa chuma chakavu. Nguo za baridi walizishona kwa mablanketi. Ramani hawakuwa nayo, ila picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo katika posho yao ya kambini.

Januari 1943 walitoroka, wakapanda. Njiani Barsotti akaugua. Hawakumburuta kwenda juu. Walimwacha kambini apumzike, na wenzake wakaendelea. Walijaribu kilele cha Batian, chenye mita 5,199, theluji ikawashinda, wakarudi nyuma. Baadaye, tarehe 6 Februari, walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Halafu walishuka na njaa kali, kwa maana chakula kilikuwa kimewapungukia, wakarudi kambini kwa hiari yao baada ya siku 18. Mkuu wa kambi aliwapa adhabu ya siku 28 za kifungo cha peke yao, akazipunguza zikawa siku 7, kwa kuwa aliupenda ushujaa wao.

Watu wakisimulia habari hiyo husifu kutoroka. Mimi nasifu mambo mawili mengine: kazi ya mikono waliyoifanya miezi mingi kabla ya kuondoka, na moyo wa kukubali kurudi nyuma kutoka Batian, ambayo ndiyo waliyoitaka. Tena naona upungufu wao mmoja, nao ni chakula. Haya matatu yote hutengenezwa nyumbani, kabla ya safari.

Tuanze na mzigo. Kijana asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 55 abebe kilo 11, pamoja na maji na chakula. Mfuko upimwe kwenye mizani ya duka au ya chama cha ushirika. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, katikati. Vyepesi chini na pembeni. Mambo haya mama anayebeba kuni anayajua kuliko kitabu, basi kijana amwulize. Halafu Jumapili tatu mfululizo aende kanisani na kurudi na mfuko huo mgongoni, umejaa mahindi, na viatu vile vile atakavyovaa mlimani. Viatu vipya vya siku ya safari huchuna visigino, na mtu mwenye malengelenge huwachelewesha wote.

Nguo ni jambo la pili. Watu wa nchi ya joto hawaamini kwamba karibu na ikweta maji hugeuka barafu ndani ya chupa. Pale Shipton, mita 4,200, usiku huwa hivyo mara nyingi. Shati la pamba likilowa jasho au mvua humpoza mtu kama kitambaa cha maji. Afadhali fulana ya sufu, hata iliyonunuliwa mtumbani, koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, glavu, na soksi mbili za sufu. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, zisiguswe mchana hata mvua ikinyesha. Tena asisahau tochi, kwa sababu watu huanza kupanda Lenana kama saa tisa za usiku ili wafike jua likichomoza.

Chakula ndicho kilichowapata Waitalia wale. Hesabuni siku za safari, kisha ongezeni chakula cha siku moja. Msichukue maharagwe makavu. Huko juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pale mita 4,200 huchemka kwenye digrii kama 86, wala si 100. Maharagwe yatakaa jikoni mpaka gesi iishe, nayo magumu. Unga wa uji, sukari, karanga, samaki mkavu na chai vitafaa zaidi. Pikeni kwa jiko la gesi, msiwashe moto wa kuni, maana majani ya huko hushika upesi. Mwaka 2012 moto uliunguza eneo kubwa la mlima huo. Na taka zote zirudi chini mfukoni.

Sasa nafika kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mlimani kuna ugonjwa unaoletwa na kupanda upesi. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi. Haumchagui mnyonge. Mara nyingi humshika kijana mwenye nguvu, kwa sababu yeye ndiye anayekimbia mbele. Akipumzika na kunywa maji, huenda ukapungua. Lakini akilazimisha kupanda, maji yaweza kuingia katika mapafu, au ubongo ukavimba. Hapo atakohoa, atahema hata akiwa ameketi, atayumba kama mlevi, atasema maneno yasiyo na maana. Dawa yake ni kumshusha chini saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Akiachwa mpaka kesho, aweza kufa.

Kwa hiyo angalieni mpango wa safari. Katika njia ya Sirimon lango liko mita 2,650, kambi ya Old Moses mita 3,300, na Shipton mita 4,200. Mtu akipita mita 3,000, yafaa kila usiku asilale juu zaidi ya mita 500 kuliko jana yake. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Ni kusema, kundi lilale Old Moses siku mbili, na siku ya katikati litembee juu kidogo na kurudi. Anayewaambia kwamba safari ni ya siku tatu tu anataka kupunguza gharama kwa afya ya watoto wenu. Mlima umo ndani ya hifadhi ya taifa; masharti na malipo yaulizwe mapema katika Shirika la Wanyamapori la Kenya, na kiongozi awe mwenye kibali.

Ninyi wazazi, kabla ya kutia sahihi, mwiteni kijana na kiongozi wake pamoja. Waulizeni: Nani atatembea mbele? Mkikuta mmoja anaumwa kichwa, nani atashuka naye? Kiongozi akijibu kwamba mwenda pole ndiye atakayetangulia, na kwamba mgonjwa hashuki peke yake, mpeni ruhusa. Akisema, "Vijana wetu ni hodari, hawaugui," mwambieni mwaka huu mtoto atabaki kupalilia.

Naye kijana aahidi mbele ya mama yake kwamba kichwa kikimwuma atasema. Vijana huficha maumivu ili wasichekwe, na hao ndio hufia njiani. Mwambieni wazi kwamba akirudi bila kufika Lenana hamtamcheka, na chakula chake kitakuwa kimewekwa kama cha wenzake. Kisha mwekeni msalaba kwenye paji la uso, aende na amani ya Kristo.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi.